Wageni wa Nyuma ya Ua

Ngatia wa Theuri alikuwa na kipaji cha kuuza mlima hata siku ambayo mlima haupo, na ndiyo kazi aliyoandikwa. Hoteli aliyofanyia kazi ilikuwa juu ya mji wa Nyeri, hoteli ya bustani na maua, na veranda ndefu ambayo viti vyake vyote vilielekea upande mmoja tu, upande wa Mlima Kenya. Wageni walitoka Ulaya na Amerika kwa ndege, wakaketi kwenye viti hivyo, wakaagiza chai, wakatazama. Mlima nao, kwa maringo yake ya siku zote, ulijitanda mawingu mapema asubuhi na hukuuona tena siku hiyo. Kuna waliokaa siku kadhaa wakarudi kwao wakiwa wameona ukungu na bakuli za sukari.

Hapo ndipo Ngatia alipopata ulaji wake. Alisimama mbele ya veranda na tai yake ya bluu, akalinyooshea wingu mkono, akasema kwa Kiingereza safi cha shule ya misheni, "Pale, kushoto kidogo, ndipo kilipo kilele kikubwa. Chini yake kuna barafu, na chini ya barafu kuna maziwa madogo yenye maji ya kijani." Wageni walitikisa vichwa kana kwamba wanaona. Wengine hata walilipiga picha lile wingu. Ukweli ni kwamba Ngatia mwenyewe alikuwa hajawahi kupita pale msitu unapoanzia, lakini nani angemwuliza?

Chumbani kwake, katika nyumba za wafanyakazi, ukuta ulijaa postikadi. Wageni wakifika makwao walimkumbuka, wakamtumia picha za mahali walikopitia: milima ya Uswisi yenye theluji mpaka kwenye paa za nyumba, maporomoko ya Viktoria na moshi wake wa maji, ghuba za Norwei ambako bahari imeingia katikati ya majabali. Ngatia alizijua zote kwa majina. Jumapili baada ya kwaya alijilaza kitandani akazitazama, akajiona akishuka kwenye ndege na koti jipya, naye akinyooshewa mkono na kuonyeshwa mlima wa watu wengine. Ukimwuliza angependa kwenda wapi duniani, angekutajia sehemu kumi kabla hujakaa vizuri. Ukimwuliza mara ya mwisho alilala kwao lini, angetazama saa yake na kusema gari linamngoja.

Na kwao hakukuwa mbali. Ni Chaka tu, kwenye barabara ya kwenda Nanyuki, mwendo mfupi kwa kombi ya hoteli. Tuseme mambo yalivyo: Ngatia alimwonea baba yake haya. Mzee Theuri hakuwa mlevi wala mgomvi wala mwizi wa mbuzi. Alikuwa mzee wa koti. Koti lenyewe lilikuwa la jeshi, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, alilolinunua mnadani baada ya vita, na alilivaa mvua na jua. Alivuta ugoro, akapiga chafya za kutisha kuku. Alikataa kubatizwa, si kwa ubishi, ila kwa sababu alisema ameshazoeana na Ngai, Mungu wa Wakikuyu, kwa njia ile ya zamani, na mtu hawezi kuanza kujijulisha upya uzeeni. Kila alfajiri alitoka nje na kibuyu kidogo cha maziwa, akasimama uani akiutazama mlima, akanyanyua mikono, akaomba kwa sauti. Majirani wote walikuwa wakienda kanisani. Mzee Theuri peke yake ndiye aliyebaki akiongea na mlima hadharani, na mtoto wake ni mwimba kwaya mwenye tai.

Kwa hiyo Ngatia hakwenda nyumbani. Siku ya soko alikutana na mama yake, Murugi, pale Chaka, akampa sukari na majani ya chai, akamwuliza hali ya mzee, akaondoka. Murugi alivipokea, akasema asante mwanangu.

Jambo lenyewe lilianza kwa bahati mbaya, kama mambo mengi ya aibu yanavyoanza. Ilikuwa mwaka wa sabini, majira ya mvua ya masika, na wageni walikuwa wamekasirika. Walikuwa wamelipia mlima na hawajauona. Ngatia akawaamsha alfajiri, akawapakia kwenye kombi, akawapeleka upande wa Chaka, kwa maana huko mara nyingine mlima hujifunua kabla jua halijapanda. Haukujifunua. Barabara ya udongo ilikuwa imeharibika, na mahali pekee pa kugeuzia gari palikuwa kule mtoni, chini ya shamba la baba yake. Wageni wakashuka kunyoosha miguu, wakapanda kilima kidogo, wakafika nyuma ya ua wa kaiyaba, ile miti ya miiba ambayo hata mbuzi huiheshimu. Na hapo, kupitia mwanya, wakamwona mzee mrefu katika koti la jeshi, mikono juu, akiongea na ukungu.

Walisahau mlima. Walisimama, kamera zikilia taratibu. Mama mmoja akafuta machozi. "Yule ni nani?" akanong'ona.

"Ni mzee tu wa hapa," alisema Ngatia. "Mmoja wa wale wa zamani."

Jogoo wa baba yake akawika. Ngatia alikuwa ameimba kwaya za Pasaka vya kutosha kujua habari ya mtu aliyekana na jogoo akawika. Alijiambia kwamba jogoo yule hana adabu, huwika saa yoyote anayotaka, na akawarudisha wageni kwenye gari.

Lakini bakshishi ya siku ile ilikuwa nono, na sifa zilifika kwa meneja. Wiki iliyofuata wageni wengine wakaomba waonyeshwe "yule mzee wa maombi". Basi ikawa desturi. Mlima ukikataa, Ngatia anaacha kombi mtoni, anawapandisha wageni kimyakimya, anawapanga nyuma ya ua wakiwa wameinama kwenye umande, na kuwatafsiria kwa kunong'ona. Tafsiri yake ilikuwa tamu. "Ewe Mlima mtukufu, kiti cha Mungu, tupe amani, wape amani na wasafiri wa mbali." Wageni waliandika maneno hayo. Kwa kweli Mzee Theuri mara nyingi alikuwa akiomba habari ya magoti yake, na habari ya mbuzi aliyekataa kunyonyesha, na kwa urefu zaidi habari ya jirani yake Mathenge, ambaye ng'ombe wake alikuwa hajui mpaka wa shamba.

Kitu kimoja kilimrahisishia Ngatia kazi, nacho ni mbwa. Mbwa wa nyumbani aliitwa Bosi, na alikuwa na uchungu na dunia nzima. Alimbwekea mchungaji, alimbwekea chifu, alimbwekea Mathenge mpaka sauti ikakauka. Lakini Ngatia akija na Wazungu sita wenye makoti ya mvua yanayolia kama karatasi, Bosi alikuja tu mpaka kwenye ua, akanusa, akatikisa mkia, akarudi kulala. Ngatia alimshukuru Mungu kwa hilo. Hakujiuliza hata siku moja mtu aliye upande wa pili wa ua anaelewa nini anapoona mbwa mkali amenyamaza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, akaja bibi mmoja wa Denmaki aliyeitwa Hedvig. Alikuwa mzee, mwembamba, na fimbo yake ya kutembelea, na alisafiri peke yake. Siku ya kwanza alimwambia Ngatia kwamba nchi yao haina mlima hata wa kusingizia. Alipokuwa mtoto, jikoni kwao kulikuwa na kalenda ya wamishenari yenye picha ya Mlima Kenya. Kalenda ikaisha, mama yake hakuitoa ukutani, na Hedvig alikula uji wake kila asubuhi akiutazama mlima huo mpaka alipoolewa. Sasa mume amekufa, watoto wamekua, na yeye amekuja kuangalia kama uko kweli.

"Uko," alisema Ngatia, akinyoosha mkono. "Pale, kushoto kidogo."

Bibi Hedvig alilitazama wingu, akamtazama Ngatia. "Naona wingu," alisema.

Akaliona wingu hilo hilo siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne ilikuwa ya kuondoka. Jioni ya siku ya tatu Ngatia alimkuta kwenye veranda, peke yake, shali mabegani, akiwa amegeuza kiti chake upande wa ukuta. Ngatia alimhurumia kweli. Akamwambia kwamba alfajiri, kabla ya gari la Nairobi, atampeleka mahali ambapo mlima huenda ukaonekana, na hata usipoonekana, kuna mzee anayeomba akiuelekea.

"Na wewe utanitafsiria?"

"Neno kwa neno."

"Mimi nilikuwa opereta wa simu," alisema Bibi Hedvig, "tangu usichana mpaka pensheni. Mtu akipunguza maneno ya mwenzake, najua. Akiongeza, najua zaidi."

Ngatia alicheka kwa adabu, akaenda jikoni kuagiza chupa ya chai ya safari. Mpishi wa zamu alikuwa Masinde, mtu wa kutoka magharibi huko, Bungoma, mwenye mikono minene na swali kwa kila kitu.

"Ati kesho mnaenda tena kwa ule mzee?" Masinde aliuliza, akikausha sufuria.

"Tunaenda. Mlima imekataa."

"Na hiyo mzee, nyinyi hukaa wapi akiomba?"

"Nyuma ya fensi. Hajui tuko."

Masinde aliacha kukausha. "Hajui? Watu wote hao? Ngatia, kwetu mgeni akisimama nje ya boma yako na hujamkaribisha, hata kama ni makosa yake, wewe mwenye boma ndio utaona haya wiki mzima. Utaambia watu nini? Niko na boma lakini sina kiti?"

"Sasa hiyo ni kwenu."

"Haya, ni kwetu," alisema Masinde. "Kwani kwenu iko aje?"

Ngatia alichukua chupa yake akaenda zake. Kwao ilikuwa vile vile, na alijua. Utotoni alishawahi kuchapwa kwa kumwacha mchuuzi wa vyungu asimame langoni huku yeye akimaliza mchezo wake.

Alfajiri ilikuwa baridi ya kukata masikio. Ngatia aliacha kombi mtoni, akampa Bibi Hedvig mkono, akawapandisha yeye na wageni wengine wanne polepole mpaka nyuma ya ua. Ukungu ulikuwa mzito. Bosi alikuja, akanusa kiatu cha Ngatia kupitia mwanya, akatikisa mkia, akaenda zake. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwa Murugi, na Ngatia alikumbuka kwamba kila alipokuja na wageni moshi ule ulikuwepo, hata iwe mapema namna gani.

Mzee Theuri akatoka. Koti, kibuyu, kofia ya sufu. Alimfukuza jogoo kwa mguu, akasimama mahali pake, akamimina maziwa kidogo chini, akanyanyua mikono. "Thaai," alianza, yaani amani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwita mwenye duka aliyejificha nyuma ya gunia.

"Ewe Mlima mtukufu," Ngatia alinong'ona, "kiti cha..."

"Hapana," alisema Bibi Hedvig. "Amekohoa, kisha akasema kitu kwa hasira. Hicho ndicho ninachotaka."

Ngatia alianza upya. "Anasema... anasema ng'ombe wa jirani ameingia tena kwenye maharagwe."

Wageni walitazamana, nyuso zikawang'aa kuliko siku zote alizowapa wenzao kiti cha Mungu. Bibi Hedvig akamgusa mkono. "Endelea. Hivyo hivyo."

Basi akaendelea. Mzee aliomba habari ya magoti, Ngatia akasema magoti. Mzee aliomba mvua ya kiasi, si ile ya kusomba udongo, Ngatia akasema mvua ya kiasi. Akaanza hata kulifurahia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikiliza maombi ya baba yake tangu utotoni, na alishangaa kukuta kwamba yana akili, na kicheko ndani yake, na kwamba majina ya watu wote wa kijiji yalikuwamo, hata la Mathenge, aliyeombewa afya njema mara tu baada ya kusemewa ng'ombe wake.

Kisha mzee alishusha mikono kidogo, na sauti ikashuka pamoja nayo.

"Na hawa wageni, Ngai. Hawa wanaosimama nyuma ya ua wangu kwenye umande. Wametoka mbali. Wanakuja nyumbani kwangu na kuondoka bila kunywa hata maji. Murugi akisikia gari kule mtoni anapika uji wa kuwatosha wote, na kila mara uji unanywewa na ndama. Usinihesabie aibu hiyo. Mimi sikuwafungia. Anayewaleta ni mtoto wa nyumba hii, mbwa hawezi kunidanganya, na mtoto wa nyumba hii hanitaki mbele ya wageni wake. Sijui nilimkosea wapi. Nimefikiri sana, nimeshindwa. Kama ni koti, mtie moyo aseme, nitalivua. Na umlinde barabarani, kwa sababu huendesha gari akiwa na haraka. Thaai."

Ngatia alihisi damu imempanda mpaka kwenye nywele. Mwaka mzima na zaidi. Mwaka mzima baba yake alikuwa akitoka nje akijua kwamba anatazamwa, akijua na anayemtazamisha, na bado akatoka, akaomba, akangoja mtu aingie. Na sufuria za uji. Alijaribu kutofikiria sufuria za uji na akashindwa.

"Amesema nini?" aliuliza Bibi Hedvig.

"Anashukuru kwa ajili ya jua."

"Hakuna jua."

Ngatia alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na tai. Angeweza kuwageuza wageni na kushuka nao mtoni, na kwa kweli alishaanza kugeuka, lakini Mzee Theuri alikuwa amekwisha kuweka kibuyu chini na kuja moja kwa moja kwenye ua. Siku hiyo alikuwa ameamua. Nyuma yake alikuja Murugi na vikombe vya bati kwenye sinia, uji ukitoa mvuke, naye hakumtazama mtoto wake. Mzee alichukua vikombe, akavipitisha kwenye mwanya mmoja mmoja, akiinama ili mkono wa koti usikwaruzwe na miiba. Wageni walipokea kwa mikono miwili, wakainama na wao, wakasema asante kwa Kiingereza na kwa kila lugha waliyokuwa nayo. Ngatia naye akapewa chake. Vidole vyake vikagusana na vya baba yake.

"Mwulize," alisema Bibi Hedvig, akinusa uji wake kwa furaha, "mwulize kama ana watoto."

Ngatia alifungua kinywa. Neno lililomjia kwa Kikuyu lilikuwa baba, na hapo hapo akakumbuka alichowaambia wale wa kwanza, na wa pili, na meneja, na kila mtu. Akalimeza. "Mzee," alisema, kama anavyosema mpita njia, "wageni wanauliza kama una watoto."

Mzee Theuri alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni pake, na ingekuwa nafuu kama ingekuwapo.

"Waambie vile ulivyozoea kuwaambia," alisema kwa upole. "Sitaki uonekane mwongo mbele ya wageni wako."

Wakati huo huo mmoja wa wageni akapiga kelele. Ukungu ulikuwa unapasuka. Kwanza kikatokea kipande cheusi cha jabali juu sana, juu kuliko mahali mtu angetazamia kuona ardhi, kisha theluji iliyoshika rangi ya jua, kisha vilele vyote viwili, wazi kabisa, mlima mzima kuanzia msituni. Wageni wanne walikimbia na vikombe vyao mpaka mwisho wa ua, kamera zikigongana vifuani, wakiitana kama watoto waliofunguliwa shule.

Bibi Hedvig alibaki. Aliutazama mlima wake, ule wa kalenda, kwa kitambo kidogo, macho yakamlowa. Kisha akageuka akaupa mgongo. Aliyefanya kazi ya simu hakati laini kabla jibu halijafika.

"Amesema nini?" aliuliza.

Hapo Ngatia wa Theuri, aliyekuwa na Kiingereza cha kueleza barafu asiyowahi kuikanyaga, alikosa maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Alitazama uji wake. Alitazama lile koti, na sasa akaona kwamba limeshonwa kiraka kipya begani, na limepigwa brashi, na vifungo vimeng'arishwa. Baba yake alikuwa akilitengeneza kwa ajili ya wageni.

"Amesema anaye mmoja," alijibu. "Ni mimi. Huyu ni baba yangu."

Bibi Hedvig aliwalinganisha wote wawili, paji la uso kwa paji la uso, na hakuonekana kushangaa sana. Lakini Mzee Theuri hakujua Kiingereza. Kwake yeye, mtoto alikuwa ameulizwa, amejibu, basi. Alikuwa ametazama chini alipokuwa akisemwa, kama mtu anayengojea sindano ipite.

"Umeshawaambia?" aliuliza.

"Nimewaambia."

"Vizuri," alisema mzee. Akachukua kibuyu chake akaanza kurudi nyumbani.

Ngatia alitaka kumwita, akabaki ameshika kikombe. Ni rahisi kulisema jambo hilo kwa lugha ya watu wengine. Kulisema kwa lugha aliyofundishwa na yule yule anayemwambia kulimshinda, na angemwacha mzee aende vile vile, akiamini kwamba amekanwa na kwamba hayo ni sawa. Aliyemwokoa ni Bibi Hedvig, ambaye alipitisha fimbo yake kwenye mwanya na kulinasa lile koti kwenye mkunjo wa nyuma, akalivuta bila heshima yoyote. Mzee akageuka. Bibi akamnyooshea yeye kidole, akamnyooshea Ngatia, kisha akashusha kiganja karibu na goti lake, kimo cha mtoto mdogo, akakipandisha polepole mpaka kikafika kwenye bega la Ngatia, akalipigapiga.

Murugi akaziba mdomo kwa leso.

"Umewaambia nini?" aliuliza Mzee Theuri.

"Nimewaambia mimi ni mtoto wako," alisema Ngatia, na haya zilimwelemea hata hakuweza kuinua uso. "Baba, nimewaambia."

Mzee alitoa mkebe wa ugoro, akaufungua, akaufunga bila kuvuta. Alisafisha koo. Ilionekana kwamba alikuwa na maneno mengi na kwamba yote yalikuwa yakigombania kutoka.

"Sasa kwa nini bado mnakunywa uji kwenye miiba?" alisema mwishowe. "Huyu mama ni mtu mzima. Walete waingie."

Ngatia akawakusanya wageni, akawazungusha mpaka upande wa mbele, vikombe mkononi, mlima ukiwa umesimama juu yao wote na hakuna aliyeutaja. Alifika langoni wa kwanza. Zamani lango hilo lilifungwa kwa kamba ya katani iliyoviringwa kwenye nguzo, na yeye alilifungua kwa bega akiwa amebeba kuni. Kamba haikuwapo. Palikuwa na gogo lililochongwa, na waya, na kijiti kilichoingia mahali fulani kwa ndani. Alivuta waya. Akasukuma gogo. Akaingiza mkono kati ya mbao akapapasa, akachomwa na kibanzi, akajaribu tena. Nyuma yake wageni walingoja kwa adabu, wakimtazama kijana wa nyumba akihangaika na lango la nyumba.

"Inua kwanza," baba yake alisema kutoka ndani, "halafu ndiyo uvute."

Akainua, akavuta, halikufunguka. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Bosi alikuja akakaa chini kumwangalia. Mwishowe Mzee Theuri aliweka kibuyu kando, akaja na koti lake likifagia umande, akatoa kijiti kwa vidole viwili, akalifungua. Akasogea pembeni kuwapisha. Akaanza na Bibi Hedvig, akampa mkono, akamwambia karibu. Akawaambia wengine karibu, mmoja mmoja, na Ngatia alipofika mbele yake, akampa mkono akamwambia karibu na yeye.